Wazee Walio Kifungoni na Afya ya Akili Zao

Katika mwaka 2004 wakaguzi wa magereza ya Uingereza na Wales walitoa taarifa juu ya wafungwa wazee. Jina la taarifa ile walilitwaa katika maneno machache waliyoyakuta yameandikwa kwenye karatasi ya habari za mfungwa mmoja. Maana ya maneno hayo kwa lugha yetu ni hii: hana matatizo, ni mzee na mkimya. Aliyeyaandika hakumtukana mtu, wala hatuna haja ya kudhani ya kuwa alisema uongo. Mfungwa yule hakupigana, hakupiga kelele, hakuomba kitu. Na mahali penye vijana wengi wenye ugomvi, mtu wa namna hiyo ni pumziko kwa askari. Lakini sisi tuna methali isemayo, Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakaguzi wale walipokwenda kuuchunguza ukimya wa wazee, waliona ya kuwa mara nyingi haukuwa amani.

Wapenzi wasomaji, nataka kuwasimulia jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyojifunza, polepole na kwa kukosea mara nyingi, kuzitunza akili za wazee walio kifungoni. Huenda mtu akauliza, Ya nini kujishughulisha na akili ya mwizi au ya mwuaji, hali watu wema wanaugua vijijini bila dawa? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu mahali pake. Lakini kwanza tuitazame historia, maana jibu lenyewe limo ndani yake.

Hapo kale katika Ulaya gereza halikuwa hasa mahali pa kutumikia adhabu. Mhalifu alinyongwa, au alichapwa, au alipelekwa ng'ambo. Gereza lilikuwa mahali pa kungojea hukumu, au pa kumzuia mdaiwa hata alipe deni lake. Mwaka 1773 mtu mmoja, jina lake John Howard, alipewa cheo katika jimbo la Bedford, na gereza la jimbo lile likawa chini ya uangalizi wake. Wenye cheo kile hawakuwa na desturi ya kuingia gerezani wenyewe, Howard aliingia. Akawakuta watu ambao mahakama imekwisha kuwaachilia, nao wangali wamefungwa kwa sababu hawana fedha ya kumlipa mlinzi ada yake. Akatoka huko akazunguka nchi nzima, akihesabu wafungwa na kuandika yote aliyoyaona, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1777. Katika Uingereza na Wales alihesabu wafungwa 4,084, na zaidi ya nusu yao walikuwa wadaiwa tu. Tena aliandika ya kuwa katika magereza mengine wenye wazimu walifungiwa pamoja na wengine wote, wala hapakuwa na mtu wa kuwatenga au kuwatunza. Howard alikufa mwaka 1790 huko Kherson, kwa homa aliyoipata safarini. Yeye hakuwa mganga, wala hakuwa na dawa ya akili. Lakini alianzisha jambo ambalo bila hilo hakuna dawa ifaayo, yaani kuingia na kutazama.

Baada yake alikuja Elizabeth Fry, mwanamke wa dhehebu la Wakwekeri, aliyezaliwa Norwich mwaka 1780. Mwaka 1813 aliingia kwa mara ya kwanza katika gereza la Newgate mjini London, akawakuta wanawake karibu 300 wamesongamana pamoja na watoto wao, wengine wakilala chini bila matandiko. Mwaka 1817 yeye na wenzake wakafanya chama cha kuwasaidia. Wakaleta kazi ya kushona, wakafungua shule, wakawa wakiwasomea Maandiko. Lakini sikilizeni jinsi walivyoanza. Hawakuja na amri zilizokwisha kukatwa. Kila kanuni ilisomwa mbele ya wafungwa wenyewe, nao wakainua mikono kuikubali. Kisha waligawanywa katika vikundi vya watu wapatao 12, na kila kikundi kikawa na mwangalizi aliyetoka miongoni mwao. Mtu aliyekuwa hesabu tu akawa mtu tena, mwenye jina, mwenye kazi, mwenye neno lake la kusikilizwa. Wageni waliofika baadaye walishangaa kuona utulivu mahali palipokuwa na matusi na vita. Fry hakuandika kitabu cha uganga wa akili. Lakini waganga wa siku zetu, wakiulizwa ni nini kiwezacho kuishikiza akili ya mtu aliyefungwa, hutaja mambo yale yale: kazi yenye maana, wenzi, na kuheshimiwa.

Wakati huo huo watu wengine wema, wenye nia njema kama ya Fry, walishika njia nyingine. Katika mji wa Philadelphia huko Marekani lilifunguliwa mwaka 1829 gereza kubwa, ambalo kila mfungwa alikaa peke yake mchana na usiku. Alifanya kazi peke yake na kula peke yake, na alipotolewa nje alifunikwa kichwa ili asione mtu wala asionwe. Waliolijenga walidhani ya kuwa mtu akiachwa na dhamiri yake, katika kimya, atatubu. Uingereza ikaiga jambo hilo kwa gereza la Pentonville, lililofunguliwa mwaka 1842, na huko hapo kwanza wafungwa walitengwa hivyo kwa muda wa miezi 18. Mwaka ule ule mwandishi Charles Dickens alilizuru gereza la Philadelphia, akatoka amehuzunika sana. Akaandika ya kuwa mateso hayo ya akili ni mabaya kupita mateso ya mwili, kwa sababu alama zake hazionekani kwenye ngozi. Naye alisema kweli. Wafungwa wengine wa Pentonville walirukwa na akili, na muda wa kutengwa ukapunguzwa. Huko Philadelphia kanuni ile iliachwa rasmi mwaka 1913. Basi, watu walijifunza kwa gharama kubwa ya kuwa kunyamaza si kutubu, na kutulia si kupona.

Twaweza kudhani ya kuwa somo hilo, likiisha kufahamika, halitasahauliwa. Lakini lilisahauliwa kwa namna nyingine, maana katika miaka yetu wazee wenyewe wameongezeka sana gerezani. Katika Uingereza na Wales wafungwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi hawakufika 5,000 katika mwaka 2002; mwaka 2023 walikuwa wamepita 14,000, yapata mmoja katika kila sita. Sababu zake ni mbili kubwa. Kwanza, vifungo vimekuwa virefu kuliko zamani, na aliyeingia kijana huzeekea ndani. Pili, watu wengi wameshtakiwa katika uzee wao kwa maovu waliyoyatenda miaka mingi iliyopita, na hasa kwa kuwanajisi wanawake na watoto. Jambo hili la pili tusilifunike. Wako watu waliobeba maumivu yao miaka thelathini au arobaini kabla ya kusikilizwa na hakimu, na hukumu ile ni haki yao.

Mtu wa miaka 50 kijijini haitwi mzee sana. Lakini wachunguzi wa magereza huanza kumhesabu hapo, kwa sababu wafungwa wengi huingia na miili iliyokwisha kuchakaa kwa pombe, njaa na maradhi, na kifungo chenyewe huongeza uzee. Gereza nalo lilijengwa kwa ajili ya vijana. Ngazi ni nyingi, vitanda vimepandana, milango ya chuma hupigwa usiku kucha. Mzee asiyesikia vizuri hasikii jina lake likiitwa; asiyeona vizuri hasomi tangazo; asiyeweza kupanda ngazi haendi kwenye kazi wala darasani, hushinda chumbani. Mkewe hufa, naye yumo ndani. Rafiki wa rika lake hufa mmoja mmoja, na barua hupungua hata zikakoma.

Mwaka 2001 waganga wa akili wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafungwa wanaume 203, wote wenye miaka 60 au karibu yake na kuendelea. Zaidi ya nusu walionekana kuwa na ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine, na wapatao watatu katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa huzuni kuu, ambao siku hizi twauita sonona. Yafaa kueleza kwa nini ugonjwa huu hujificha. Kijana mwenye dhiki mara nyingi huivunja meza au hujikata mwili, na wote huona. Mzee mwenye dhiki huacha kula. Huchelewa kuamka, huacha kunyoa ndevu, huacha kujibu salamu. Askari humwona ametulia. Wenzake husema, Mzee yule mpole. Ndipo huandikwa ya kuwa hana matatizo.

Ugonjwa wa pili ni ule wa uzee wa kupotewa na kumbukumbu. Huu huwadanganya walinzi kwa njia iliyo kinyume. Mgonjwa huambiwa, Simama kwa kuhesabiwa, naye hasimami, kwa kuwa amesahau neno kabla halijamalizika. Huingia chumba cha mtu mwingine akidhani ni chake. Huchukua kijiko kisicho chake. Asiyejua hali yake huyaona haya kuwa ukaidi na wizi, na mzee huadhibiwa kwa kosa ambalo hajui kama amelitenda. Hivyo mzee wa kwanza huachwa kwa sababu anatii kupita kiasi, na wa pili huchapwa kwa maneno kwa sababu hatii. Na wote wawili ni wagonjwa.

Sasa na turudi kwenye lile swali. Mtu aliyedhulumiwa aweza kusema, Na ateseke! Lakini tufikiri vema. Hakimu alipomhukumu mtu alihesabu miaka. Hakuongeza juu yake kurukwa na akili. Tena, adhabu yenyewe yataka akili. Mtu aliyesahau jina la mtoto wake amesahau pia kosa lake. Hawezi kuungama, hawezi kuomba radhi, hawezi kumjibu aliyemwumiza. Kwa hiyo aitunzaye akili ya mfungwa mzee hamwibii haki yake yule aliyeumizwa. Huilinda, maana toba haiwezi kutoka katika akili iliyozimika.

Jawabu moja lililopatikana ni la namna ambayo Elizabeth Fry angeitambua mara moja. Katika gereza la California Men's Colony, huko San Luis Obispo nchini Marekani, mwaka 2009 walianza kuwachagua wafungwa wenye mwenendo mwema ili wawatunze wenzao waliopotewa na kumbukumbu. Chama kiitwacho Alzheimer's Association kiliwafundisha kazi ile. Walivishwa makoti ya rangi ya manjano ili wajulikane, nao wakaitwa Makoti ya Dhahabu. Wengi wao walikuwa wamehukumiwa kwa kuua. Kazi yao ni kumwamsha mzee, kumsaidia kuoga na kunyoa, kumpeleka kwenye chakula, kumkumbusha dawa, na kusimama kati yake na watu wanaotaka kumnyang'anya chakula chake. Wamefundishwa wasibishane na mgonjwa anaposema neno lisilo kweli, bali wamwongoze polepole. Na askari, kwa kuwatazama hao, walijifunza kutofautisha ukaidi na ugonjwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, gereza la Angola katika jimbo la Louisiana lilikuwa limeanzisha mahali pa kuwatunza wafungwa wanaokufa. Gereza lile limejengwa juu ya shamba lililolimwa zamani na watumwa, na jina lake ni la ile nchi ya Afrika. Huko wengi wamehukumiwa kifungo cha maisha bila tumaini la kutoka, basi hofu ya mzee si kufa tu, bali kufa peke yake. Wafungwa wenzake walifundishwa kukaa naye kwa zamu hata mwisho, ili asikate roho bila mtu kumshika mkono. Majeneza huundwa na wafungwa wenyewe, kwa mbao za kawaida. Mhubiri mashuhuri Billy Graham na mkewe Ruth walizikwa katika majeneza yaliyoundwa na wafungwa wa Angola, mke mwaka 2007 na mume mwaka 2018. Wakubwa wale wangaliweza kununua majeneza ya thamani kubwa, lakini walipewa kazi ya mikono ya watu ambao dunia imewatupa.

Uingereza nayo ilirekebisha sheria. Kwa sheria ya mwaka 2014, ambayo kwa jambo hili ilianza kutumika Aprili 2015, mabaraza ya wilaya yalipewa wajibu wa kuwaangalia wafungwa wanaohitaji msaada wa kuoga, kuvaa na kutembea, kama wanavyowaangalia wazee wa nje. Tangu hapo mzee wa gerezani si mzigo wa askari peke yake. Ni mzee wa wilaya.

Japani yatufundisha jambo lingine, nalo ni zito. Huko, katika wanawake waliofungwa, karibu mmoja katika kila watano amepita miaka 65, na kosa la wengi wao ni wizi mdogo wa dukani. Wengine wamekiri wazi ya kuwa gerezani wanapata chakula, joto na mtu wa kuzungumza naye, na nje hawana hata kimoja. Katika gereza la Tochigi walinzi hufanya kazi ya wauguzi, wakiwaosha wazee na kuwalisha. Serikali iliona ya kuwa kumfungulia mzee mlango bila kumtafutia mahali ni kumrudisha. Kwa hiyo tangu mwaka 2009 ilianza kuweka katika kila mkoa ofisi ya kuwatafutia wazee na vilema wanaofunguliwa nyumba, matunzo na fedha ya kuwasaidia kabla hawajatoka. Na tarehe 1 Juni 2025 ilianza kutumika sheria mpya iliyoondoa kifungo cha kazi ya lazima kilichokuwapo tangu sheria ya mwaka 1907, ili kila mfungwa apewe kazi au mafundisho yanayomfaa kwa umri na hali yake.

Nasi katika Afrika tunao mfano wetu. Nelson Mandela alipohamishwa mwaka 1982 kutoka kisiwa cha Robben kwenda gereza la Pollsmoor, alikuwa na miaka 63, na mbele yake miaka mingine mingi ya kifungo. Huko aliomba ruhusa ya kulima juu ya paa la saruji. Akapewa mapipa ya mafuta yaliyokatwa nusu, yakajazwa udongo, naye akapanda vitunguu, mabilingani, kabichi, mboga za namna nyingi, akizihudumia kila asubuhi. Mavuno aliyapeleka jikoni ili wafungwa wengine wale vizuri siku ya Jumapili, na sehemu akawapa askari. Mwenyewe aliandika baadaye jinsi bustani ilivyompa nafasi ndogo ya uhuru, kwa kuwa ni kitu alichoweza kukiangalia yeye mwenyewe. Alifunguliwa tarehe 11 Februari 1990, mwenye miaka 71, na akili yake timamu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipozifanya upya kanuni za kuwatunza wafungwa, zilizowekwa hapo kwanza mwaka 1955, ziliitwa kwa jina lake. Nazo zakataza kumtenga mfungwa peke yake kupita siku 15 mfululizo. Hivyo kosa la Philadelphia limeandikwa kuwa kosa kwa mataifa yote.

Yatupasa sisi kufanya nini? Katika Tanzania, Rais atoapo msamaha siku za Muungano au za Uhuru, mara nyingi hutajwa wazee wenye miaka 70 na zaidi, ila wale wenye makosa makubwa yaliyotengwa na msamaha. Ni rehema njema. Lakini msamaha wa serikali hufika mlangoni pa gereza tu. Kutoka hapo mpaka kijijini ni kazi yetu. Mzee aliyekaa ndani miaka ishirini huenda akakuta shamba lake limegawanywa, nyumba imeanguka, na wajukuu hawamjui. Akikaa barazani bila kusema, tusiseme, Babu ametulia. Tumwulize kama amelala usiku, kama amekula, kama anamkumbuka fulani na fulani. Akiwa amesahau njia, mtoto amshike mkono. Tumpe kazi aiwezayo, kama kuwaangalia kuku au kusuka ukili, wala tusimwache akae bure kwa kisingizio cha heshima. Naye akizidi kunyong'onyea, apelekwe hospitali, maana sonona ina matibabu, nayo hutibika hata katika uzee.

Na kwa wale ambao hawajafunguliwa, ziko barua na siku za kuwazuru. Jamaa wengi huacha kwenda kwa aibu, au kwa sababu nauli ni ghali, au kwa sababu mzee mwenyewe hasemi neno wanapofika. Waende hata hivyo, wakimwambia habari za mvua, za mavuno, za watoto waliozaliwa na majina waliyopewa. Na wanapoondoka, wamwulize msimamizi wa gereza kwa adabu: Je, mzee wetu anakula? Anaongea na wenzake? Anatoka nje kuota jua? Swali kama hilo, likiulizwa na watu wa nyumbani kila mara wanapofika, humfanya msimamizi amtazame mzee yule mara ya pili kabla ya kuandika ya kuwa hana matatizo.